Kibuyu Cheupe cha Mama Mkwe

Jikoni kwetu kuna kibuyu kimoja chenye kauri tatu kimetundikwa kwenye msumari, juu ya mahali pa kuni. Vibuyu vingine vyote ni vyeusi ndani, kama kibuyu cha mursik kinavyotakiwa kuwa. Hicho kimoja ni cheupe, na hatukitii maziwa. Mgeni akiuliza, mama mkwe wangu huninyooshea kidole na kusema, "Muulize huyu." Halafu anaendelea na chai yake, na mimi ndiye hubaki na kazi ya kueleza.

Tunakaa nje kidogo ya senta ya Ziwa, kaskazini mwa Eldoret, na tunauza mursik. Kwa asiyejua, ni maziwa yaliyochemshwa, yakapoa, yakatiwa kwenye kibuyu kilichopakwa unga wa mkaa, yakaachwa siku kadhaa yagande. Hakuna uchumba huku bila mursik, wala harusi, wala mwanariadha akarudi na medali asinyweshwe. Biashara ni ya mama mkwe. Aliianza kabla mimi sijaolewa, akiwa na ng'ombe mmoja. Siku ya soko tulipeleka Ziwa, na kila Ijumaa nilibeba vibuyu vitano mpaka Elgon View, mtaa wa Eldoret, kwa mama mmoja wa nyumba kubwa ambaye hakubali mursik ya mtu mwingine.

Mimi nilikuwa mtu wa kukamua, kuchemsha na kupeleka. Kuosha kibuyu sikuruhusiwa. Miaka kumi na tisa nimeolewa pale, sijawahi. Na kuosha kwenyewe si kwa maji na sabuni. Unachukua sosiot, kijiti cha mtende kilichopondwa ncha mpaka ikawa brashi, unasugua ndani. Halafu unachoma ufito wa senetwet, mti wetu wa huku, na kaa lake likiwa bado jekundu unalitia ndani ya kibuyu na kulisagia humo humo mpaka kuta zote ziwe nyeusi. Mkaa wa leo unakaa juu ya mkaa wa jana, na ladha yote iko huko, kwenye matabaka ya miaka. Kazi hiyo mama mkwe aliifanya peke yake, mlango ameurudisha nusu, na nikipita karibu aliniambia niende nikaangalie ng'ombe.

Mimi ni Mluhya, na kwetu hakuna mursik. Baba yangu alitoka upande wa Kakamega akaja Eldoret kubeba marobota kwenye kiwanda cha nguo, na mimi nikakulia kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, choo kimoja na bomba moja. Mama mkwe hakunichukia kwa hilo, sitaki kumsingizia. Alinitania tu. Akichinja kuku aliniwekea paja, ati Mluhya asije akatoroka kwa njaa. Lakini kibuyu, alisema, kinataka mkono uliokua nacho. Mimi aliniita mtoto wa bomba.

Kibanda cha maziwa kilikuwa chini, karibu na kijito, kwa sababu maziwa yanataka baridi na kule kuna baridi. Kijito chenyewe mtoto wa darasa la pili alikiruka bila kukimbia. Mwaka huo mvua ya mwezi wa nne ilinyesha wiki mbili bila kupumzika. Alasiri moja nilikuwa juu kwenye zizi nafunga ndama, nikasikia sauti kama lori linamwaga kokoto. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamekizunguka kibanda pande zote, mekundu, na yalikuwa na haraka. Ukuta wa udongo ulilainika ukakaa chini, polepole, kama mama mzee anayekaa. Ndipo vibuyu vikaanza kutoka.

Kibuyu hakizami. Vilitoka vikiwa vimebanana mlangoni, vikaachana, kila kimoja kikashika njia yake. Vilikuwa arobaini na vitatu, vingine bado na maziwa ndani. Nilisimama na kamba ya ndama mkononi. Watu husema walipiga mayowe, walianguka, walimwita Mungu. Mimi sikusikia kitu moyoni. Nilichowaza ni kwamba Ijumaa ilikuwa kesho kutwa na mama wa Elgon View angengoja.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba, amejifunga shuka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na kile cha mama?"

Kile cha mama ni kibuyu alichopewa na mama yake mzazi siku ya kuolewa, chenye mkanda wa ngozi na kauri nne zilizoshonwa. Ndicho kilichoanzisha biashara. Kibuyu kipya chochote kilichoingia kwetu kilitiwa kwanza maziwa kutoka kile, ili kijifunze. Nikamwambia kimeenda na vingine. Akaingia ndani na hakutoka tena siku hiyo.

Kesho yake binti yake alikuja kumchukua ampeleke kwake Kiplombe, kwa sababu sakafu ya nyumba yetu ilikuwa inatoa maji na kifua chake hakipendi unyevu. Mume wangu ni mwalimu huko Lodwar, anarudi shule zikifungwa. Alinipigia simu akasema pole, nikasema asante. Nikabaki na ng'ombe watano.

Ng'ombe hajui mafuriko. Asubuhi lazima umkamue, jioni lazima umkamue, na mimi sikuwa na kitu cha kutia maziwa. Nilipeleka mengine kwenye hoteli ya chai pale senta, lakini hoteli yenyewe ilikuwa na matope mpaka magotini na mwenyewe alikuwa nje anasugua mabenchi. Mfanyabiashara wa mahindi alikuwa ametandaza turubai barabarani, mahindi yake yameanza kuota, na magari yanayazunguka bila kumpigia honi. Yule wa duka la mbolea mifuko ilikuwa imegeuka mawe, anaigongagonga na nyundo. Kila mtu Ziwa alikuwa na kitu alichoanika. Tulisalimiana, tukaulizana maji yalifika wapi, kila mmoja akaonyesha kwa mkono, goti au kiuno, basi. Maziwa niliwapa majirani, nikawapa ndama, siku moja nikayamwaga kwenye nyasi na kurudi ndani.

Waliokuja kunipa pole, kila mmoja alileta methali. Yakimwagika hayazoleki. Baada ya dhiki faraja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, huyo alikuwa mzee wa kanisa, na alikunywa vikombe vitatu vya chai. Niliitikia zote. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huitikia.

Huku kwetu kuna desturi moja ninayoipenda. Ukiokota kibuyu kisicho chako hukiingizi nyumbani mwako. Kibuyu ni cha boma la mtu, kina maziwa ya watoto wa mtu. Unakitundika kwenye mlingoti wa lango lako ili mwenyewe akipita akione. Kwa hiyo nilivaa gambuti, nikachukua gunia, nikaanza kufuata maji. Kila nilipokuta kibuyu langoni nilibisha hodi, nikasema ni chetu, na hakuna aliyenibishia. Siku nyingine nilipata vitatu, nyingine sikupata hata kimoja. Viligongwa na mawe, vingine vimechubuka, vingine vimejaa matope na vitu nisivyotaka kuvitaja, kwa sababu vyoo vya senta nzima viliingia kwenye yale maji.

Kila jioni mama mkwe alipiga simu kutoka Kiplombe. Hakuuliza habari za ng'ombe, hakuuliza nyumba imekauka ama bado. Aliuliza, "Kile kimepatikana?" Nikasema bado. Akasema haya, akakata.

Siku ya tisa nilifika mbali, nimepita daraja la pili, mahali ambapo sijawahi kufika kwa miguu. Kwenye lango la mzee mmoja wa ng'ombe wengi kilikuwa kimening'inia kwa mkanda wake wa ngozi, kauri tatu, moja imeng'oka. Ndani kulikuwa na mchanga. Nilikitoa mchanga kwa vidole hapo hapo, nikakitia kwenye gunia peke yake. Kilikuwa cha kumi na nane.

Jioni nikamwambia kimepatikana. Nikasikia kile kifua chake kikipanda na kushuka. Halafu akasema, "Vianike kivulini. Usivifanye kitu kingine. Nitakuja kuviosha mwenyewe."

Hapo nilisikia kitu kwa mara ya kwanza tangu maji yaje, na kilikuwa hasira. Siku tisa natembea mtoni. Vidole vya miguu vimeoza ndani ya gambuti. Na bado mimi ni mtoto wa bomba, kazi yangu ni kuanika! Sikumjibu vibaya. Nilisema ndiyo mama, nikaweka simu juu ya meza.

Wiki hiyo hiyo tuliitwa kwa chifu kuchukua dawa ya maji. Dada mmoja wa afya alitueleza kwa upole kwamba maji yale ni ya ugonjwa, na kila chombo cha chakula kilichoguswa kilowekwe kwenye dawa, kofia moja ya chupa kwa ndoo moja. Nilinyoosha mkono nikauliza, hata vibuyu? Akasema vyombo vyote, mama. Simlaumu. Alikuwa anafikiria sufuria na vikombe, na mimi sikumweleza kibuyu chetu ni cha namna gani. Nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka.

Nikiwa mdogo kwenye ile ploti, bomba la uchafu lilipasuka likaingia vyumbani, na mtoto wa chumba cha saba akaharisha siku mbili akafa. Mama yangu aliosha kila kitu tulichokuwa nacho kwa dawa ya kung'arisha nguo. Vikombe, vijiko, sakafu, mikono yetu. Kwa miezi mingi chumba kilinuka dawa, na sisi hatukuugua. Tangu hapo, kwangu mimi, harufu hiyo ndiyo harufu ya watu kuwa wazima. Ningemwambia nini mama mkwe akiniuliza kwa nini watu walikunywa mursik yetu wakaugua?

Kwa hiyo nilijaza maji kwenye pipa la bluu, nikatia dawa, nikaongeza tena kwa usalama. Nikatumbukiza vibuyu kimoja kimoja, nikavikandamiza kwa jiwe maana vilikuwa vinaelea. Kile cha mama nilikishika muda. Najua nilikishika muda, sidanganyi. Halafu nikakitia cha mwisho.

Asubuhi nilivitoa nikavisugua kwa ile sosiot yake. Weusi ulitoka vipande vipande kama maganda ya kidonda kilichopona. Vilipokauka vilikuwa vyeupe ndani, safi, na havinuki choo. Nilivitundika kwenye kamba ya nguo, kumi na vinane, nikasimama kuvitazama. Nilifurahi. Nilitaka mama mkwe akute kazi imeisha, aone mkono wa mtoto wa bomba.

Nilikata ufito wa senetwet nikachoma. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimechungulia kwenye ule mlango wa nusu, nilidhani najua. Mkaa haukushika. Nilisaga, nikageuza, nikasaga tena, na nilipokiinamisha kibuyu mkaa wote ulimwagika chini kama unga kwenye sahani. Nikatia maziwa hivyo hivyo, kwenye vibuyu vitatu, nikangoja. Siku ya nne nilifungua cha kwanza. Maji ya kijani juu, madonge chini, harufu ya hospitali. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa kile cha mama. Nilimimina kidogo kwenye bakuli nikampelekea ndama. Ndama alinusa akageuza kichwa.

Maji yalichukua ishirini na vitano. Mimi nilimaliza kumi na vinane vilivyobaki. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimekaa kwenye ndoo, na baada ya kuifanya sikulia wala sikusali. Nilinyanyuka nikaenda kukamua, maana jua lilikuwa linashuka. Mama wa Elgon View alinipigia simu kuuliza mursik yake lini. Nikamwambia bado tunakauka.

Wiki mbili nilikaa na jambo hilo. Nilikula, nililala, nilikamua. Mama mkwe hakupiga simu tena kila jioni, alikuwa ametulia, anajua kile kipo. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Mara mbili nilishika simu nimwambie, na mara zote mbili nilimwuliza habari za kifua.

Alirudi siku ya Jumamosi asubuhi kwenye gari la mkwewe. Alishuka na bakora yake na gunia ambalo hakutaka libebwe na mtu. Hakuingia nyumbani. Alikaa kwenye kigoda chake pale uani, akasema nimletee kile cha mama.

Nilimletea kwa mikono miwili. Alikipokea, akapapasa mahali pa kauri iliyong'oka, akatoa kifuniko. Alichungulia ndani. Halafu akaweka pua na kuvuta pumzi, akatulia, akavuta tena, kama mtu anayetafuta jina la mtu alilolisahau. Akasema nimletee kingine. Nikaleta. Akanusa. Kingine. Alinusa vyote kumi na vinane, kimoja baada ya kingine, akivipanga chini mstari, na muda wote huo nilikuwa nimesimama mbele yake mikono imening'inia. Nilimwambia nilichofanya. Nilimwambia yote, dawa, kipimo, pipa, jiwe. Alisikiliza akitazama vibuyu. Kisha alinyanyuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango wote.

Siku ile hakula. Nilipeleka chai, nikaikuta mlangoni imepoa. Nilifikiria nguo zangu, niziweke kwenye begi gani. Nilifikiria hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayefikiria atapika nini. Mume wangu angesema nini, watoto walioko bweni wangesema nini, niliyaona yote kwa mbali. Kitu kimoja tu nilikijua: ile biashara ilikuwa mkononi mwake, na sasa haikuwepo, na aliyeimaliza hakuwa mto.

Kulipokucha nilitoka kukamua nikakuta moto unawaka uani. Amekaa kwenye kigoda, fito za senetwet ziko motoni, na lile gunia limefunguliwa. Ndani mlikuwa na vibuyu sita vipya, vibichi, havijaonja mkaa, rangi ya majani makavu. Alikuwa ameagiza vinunuliwe mjini ili vijaze nafasi ya vilivyopotea, kabla hajajua hakuna vilivyobaki. Mbele yake kulikuwa na kigoda cha pili.

Aliniita. Nilikwenda nikasimama. Alinitazama usoni, na macho yake yalikuwa yamevimba, nikajua alilia usiku kucha, na mimi nilikuwa chumba cha pili sikusikia chochote.

"Miaka yote hii nilikuwa naogopa utaniharibia," alisema. "Sasa umeshaharibu. Kaa chini."

Nilikaa. Aliniwekea kibuyu kipya mapajani na sosiot mkononi. Mkono wangu ulikuwa umeshika vibaya, akaugeuza. Akachomoa ufito motoni, akaupangusa majivu, akavunja kaa likaingia ndani. Akaniambia nisisukume, nizungushe; nisikilize, kibuyu kibichi kinalia na kilichokubali kinanyamaza. Kibichi hakikubali siku moja, alisema, hiki tutakichoma leo, kesho, kesho kutwa, mpaka mwezi wa nane, na maziwa ya kwanza yatakuwa mabaya na tutayanywa sisi wenyewe. Vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu, vigumu na vya moto. Hakuna aliyewahi kunifundisha kitu hivyo tangu mama yangu.

Hapo ndipo nililia. Vibuyu vyote, siku tisa za mtoni, ndama kugeuza kichwa, vyote vilikuja mara moja, na sikuweza kuvizuia wala kuuacha mkono usimame. Mama mkwe hakuniambia pole wala hakuniambia ninyamaze. Alikisogeza kibuyu kidogo upande, mbali na uso wangu.

"Lia huko," akasema. "Usitie chumvi kwenye maziwa ya watu."